Kata ndogo yetu ina watu wangapi? Fomu ya kisima imetugonganisha vichwa Pipeline

KaraniWa2019

Wadau, habari za jioni.

Jana Jumapili tulikuwa na kikao cha chama cha watu wa kwetu Makueni, juu ya paa la ploti moja hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, katikati ya nguo zilizoanikwa. Ajenda ilikuwa moja: kisima. Kuna mahali tumeelekezwa tuombe msaada wa kuchimba kisima nyumbani, na ukurasa wa kwanza wa fomu yao una visanduku vitatu. Jina la kata ndogo, yaani eneo la naibu wa chifu. Idadi ya wakazi. Orodha ya vijiji.

Cha kwanza tulikijaza bila kelele. Cha pili kilitula saa nzima. Mwenyekiti alisema watu elfu kumi. Mwekahazina, ambaye ni mgumu hata wa kukubali risiti ya soda, akasema hawafiki elfu nne. Mama mmoja aliyekuwa akichambua sukuma kando akauliza, "Mnahesabu na sisi tulio hapa?" Kikao kikafia hapo.

Mimi nilikuwa karani wa sensa 2019, huko huko kwetu Makueni, kwa hiyo fomu wamenisukumia mimi. Naanza kwa kuandika hapa kwa sababu najua si sisi tu tunaokwama.

Nambari ya serikali ipo na haifichwi. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296 nchi nzima, na Makueni 987,653. Matokeo yalitoka kwa majuzuu, na la kutafuta ni juzuu la pili. Hilo linashuka kutoka kaunti hadi kaunti ndogo, tarafa, kata, kisha kata ndogo. Kata ndogo yako ina mstari wake: watu, kaya, ukubwa wa ardhi kwa kilomita za mraba, na msongamano. Mstari mmoja, basi. Ukitaka kujua kijiji chenu kina watu wangapi, hutapata. Vijiji havimo.

Havimo kwa sababu hatukuhesabu kwa vijiji. Nchi ilikatwakatwa kuwa maeneo ya kuhesabia, kila moja likikusudiwa kuwa na kaya mia moja hivi. Eneo moja laweza kuwa kijiji kizima, kipande cha kijiji, au vijiji viwili vitatu vilivyobandikwa pamoja. Langu lilikuwa kijiji kimoja na nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa ya mwenzangu, ng'ambo ya korongo, na mpaka wetu ulikuwa mti wa mkwaju ambao kwenye ramani ya kishikwambi haukuonekana kabisa. Kama si mzee wa kijiji kunitembeza, nusu ya watu ningewahesabu mara mbili na nusu nyingine nisingewaona.

Sasa niwaeleze ule usiku, maana ugomvi wa jana chanzo chake ni huko.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 24 Agosti. Baa zilikuwa zimeamriwa kufungwa saa kumi na moja jioni ili watu walale makwao. Mimi na mzee tulianza kutembea gizani, yeye na tochi, mimi na kishikwambi kinachong'aa usoni kama mchawi. Mbwa walitukataa boma baada ya boma. Tukafika kwa mama mmoja anayenijua tangu nikiwa mdogo. Swali lenyewe ni jepesi: nani amelala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25? Akaanza kutaja. Yeye. Mjukuu wa kwanza. Mjukuu wa pili. Halafu wanawe watatu.

"Mama, hao wako wapi saa hii?"

"Nairobi."

"Basi watahesabiwa Nairobi."

"Watahesabiwa kwa nani?"

Nikamwambia mkubwa yuko kwake Kayole, karani wa Kayole atampata. Akanitazama muda. "Kayole ni kwake? Kitanda chake hiki hapa." Akafungua mlango wa chumba cha pembeni akanimulikia. Kitanda kilikuwepo kweli, kimetandikwa, juu yake umetandazwa mkeka ili vumbi la mabati lisiangukie blanketi. Nikaandika watu watatu. Hakunikaribisha uji.

Kanuni ndiyo hiyo: unahesabiwa ulipolala. Mtoto aliyezaliwa saa saba usiku, baada ya saa sita kupita, hakuhesabiwa. Mzee aliyekata roho alfajiri ya siku hiyo alihesabiwa, kwa kuwa saa sita ilimkuta hai. Tulipofika Jumatatu kwenye boma lenye msiba wa namna hiyo, ilibidi nimuulizie marehemu umri, dini na kiwango cha elimu huku turubai la matanga likifungwa. Mafunzoni tulikuwa tumeambiwa jinsi ya kuuliza. Jinsi ya kutazama watu usoni huku ukiuliza hatukuambiwa.

Kwa hiyo mwenyekiti na mwekahazina wote wana haki, kila mmoja na swali lake. Mmoja anahesabu waliolala, mwingine anahesabu wenye vitanda. Niambieni kwenu huwa mnaandika nini.

Buda_wa_Pipeline

Nilikuwepo. Umesahau kusema mwenyekiti alitaka kuongeza elfu mbili "za wageni".

Mama_wa_Donholm

Mimi ndiye niliyekuwa nachambua sukuma, na swali langu halijajibiwa. Karo ya watoto wa ndugu zangu inatoka hapa. Mabati ya kanisa yametoka hapa. Mtu wetu akifia hapa Nairobi, hatumziki Lang'ata, tunachanga, tunakodi gari, tunashuka naye Mombasa Road usiku. Kisima kikichimbwa, mchango wa wenyeji ni sisi tutautoa. Halafu ikifika kuandika idadi, sisi si wakazi. Basi tuko wapi?

KaraniWa2019

Kwa sensa uko Embakasi, dada. Uko ndani ya wale 4,397,073 wa Nairobi. Hata wastani wa kaya unaonyesha tumetawanyika vipi: Nairobi ni watu 2.9 kwa kaya, kwetu Makueni ni 4.0. Na hiyo 2.9 yenyewe inaficha vijana wangapi wa bedsitter moja moja ambao nyumbani wangekuwa sahani moja.

Lakini umenikumbusha kitu. Kuna orodha moja ya watu wetu ambayo ni bora kuliko zote, na anayo mwekahazina kwenye mfuko wa plastiki: daftari la michango ya matanga. Lile kubwa lenye jalada gumu, kona zimeliwa. Nimeliazima leo. Kila ukurasa una kichwa kilichoandikwa kwa kalamu nyekundu, jina la kijiji, chini yake majina ya waliotoka kijiji hicho, mtaa anaokaa kila mmoja hapa mjini, na alichotoa. Waliohama Mombasa wamewekewa alama ya M. Waliokufa wamepigwa mstari mmoja, jina linasomeka bado. Waliogoma kuchanga wamepigwa mistari miwili.

Serikali imetuhesabu kwa kata ndogo bila kijiji. Daftari limetuhesabu kwa kijiji, lakini halina hata mtu mmoja aliyebaki nyumbani.

Mwalimu_Mstaafu

Vijana, naomba nichangie kwa urefu kidogo, mtanisamehe.

Tatizo lenu la kisanduku cha tatu ni kubwa kuliko la pili. Mnaulizwa orodha ya vijiji kama kwamba Ukambani kuna vijiji vya kupanga mstari, nyumba na nyumba. Watu wetu hawakuishi hivyo. Waliishi kwa *musyi*, yaani boma la mtu na wanawe, na maboma yaliyopakana yakawa *utui*. Utui ndio uliokuwa na uwanja wake wa ngoma na wazee wake wa kuamua kesi. Mpaka wake ulikuwa kijito, tuta, au pale ambapo watu waliacha kusaidiana kulima. Ng'ombe walipelekwa mbali, kwenye *syengo*, kambi za malisho, na vijana walilala huko miezi. Sensa ya kulala ingewaweka wapi hao?

Tena sehemu kubwa ya Makueni ya tambarare imekaliwa juzi tu. Wakamba wa zamani walishika milima, Mbooni kwanza, kisha Kilungu, Iveti na kuvuka kwenda Kitui. Huko chini kulikuwa vichaka na mbung'o. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilifungua mpango wa makazi wa Makueni: vichaka vikafyekwa ili mbung'o wakose maficho, watu wa Machakos waliobanwa na ardhi iliyochoka wakapewa mashamba kwa masharti. Kwa hiyo kuna kata ndogo leo ambazo "kijiji cha asili" chake kina umri wa babu mmoja. Muulizeni mzee yeyote wa huko baba yake alitoka wapi, atawatajia kilima.

Na kwa kuwa mko Nairobi, nikumbushe jambo. Mwaka 1938 wakoloni walipochukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu wakisema wamezidi ardhi, maelfu ya watu wa vijijini waliondoka Machakos wakaja hapa mjini, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi wiki kadhaa kudai ng'ombe wao. Aliyewaongoza ni Muindi Mbingu, yule mnayepita kwenye barabara yake mkienda City Market. Gavana aliwatazama akijua kabisa ni watu wa wapi, ingawa walikuwa wamelala Nairobi.

Buda_wa_Pipeline

Mwalimu, hiyo ya mwisho ingefaa kumwambia yule mama wa kitanda.

Wa_Muranga

Kwetu ni kinyume. Sisi vijiji vya kupanga mstari tunavyo, ila hatukuviomba. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati waling'olewa kwenye matuta yao wakarundikwa kwenye vijiji vyenye handaki na walinzi, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau msituni. Nyanya yangu alikuwa akituonyesha mahali handaki lilipopita. Sasa ni mfereji wa maji ya mvua nyuma ya duka la dawa za mifugo. Hali ilipotulia, wenye mashamba walirudi mashambani mwao. Wasio na mashamba walibaki, na wajukuu wao wako hapo hadi leo kwenye vipande ambavyo hata kuku hana pa kugeuka.

Kwa hiyo kwetu ukisema mtu anatoka *gĩcagi*, kijijini, mzee anaweza kuelewa kwamba hana shamba. Halafu hapa Nairobi neno hilo hilo ndilo wengi husema limezaa "gishagi" na "shags", tunalitumia kwa raha kila Desemba. Maneno nayo huhama.

Liguru_Mdogo

Njooni Vihiga muone. Sisi hatuna shida ya kujua kijiji kinaishia wapi kwa sababu hakiishii. Sensa ya 2019 ilitupa watu 590,013, msongamano wa 1,047 kwa kilomita moja ya mraba, na hayo ni mashambani, si mjini. Boma la fulani limegusa boma la fulani, chai imegusa mahindi, kaburi la babu limegusa jiko. Makueni ni kama 121 tu kwa kilomita. Marsabit ni 6.

Wazee wa kijiji kwetu huitwa maliguru. Baba yangu alikuwa mmoja, miaka mingi bila mshahara, malipo yake ni kuku wa kesi na heshima ya kuitwa. Alijua kila mlango. Hakuwahi kuwa na orodha. Karani alipokuja, baba alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba akataja kaya zote za upande wake kwa mpangilio wa njia, kutoka mtoni hadi shuleni, kama mtu anayesali rozari. Alisahau moja tu, ya shemeji waliyekosana.

Mgeni_wa_Gikomba

Samahani wenyeji, mimi ni Mtanzania, nipo hapa Gikomba kibiashara. Nawasoma nacheka kidogo, msinichukulie vibaya.

Nilipofika Kenya nilichanganyikiwa na hilo neno "kata". Kwetu kata ina diwani, ni sawa na hiyo mnayoita wadi. Nyie kata yenu ina chifu! Nilikaa mwezi mzima nikidhani chifu ni diwani.

Lakini kikubwa ni kijiji. Kwetu kijiji ni mamlaka kamili kisheria. Kina mwenyekiti anayepigiwa kura, kina mtendaji, kina mkutano mkuu, kina ardhi yake, na chini yake kuna vitongoji, kila kimoja na mwenyekiti wake. Vipo zaidi ya vijiji 12,000. Ukija na fomu yako ya kisima, unamwendea mtendaji na anakupa muhuri. Hilo lina historia yake, na si tamu yote: miaka ya sabini watu walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari, wengine nyumba zao zilibomolewa ili wasirudi. Babu yangu mpaka anakufa alikuwa akienda kuvuna maembe kwenye "kijiji cha zamani", pori tupu. Lakini orodha ipo.

KaraniWa2019

Mgeni, karibu, na hukucheka bure. Kwetu neno "kijiji" limebeba mizigo mitatu. Kuna huo utui alioueleza Mwalimu. Kuna kijiji cha mzee wa kijiji, yaani eneo ambalo naibu wa chifu amemkabidhi mtu mmoja aliangalie. Hilo huweza kubadilika mzee akizeeka au akigombana na ofisi. Halafu kuna kijiji cha sheria ya serikali za kaunti ya 2012, chenye msimamizi wake, ambacho sehemu nyingi kimebaki kwenye karatasi. Ongeza nyumba kumi, tuliyoiazima kwenu 2013, na hapo mtu mmoja anaweza kuwa kwenye vijiji vinne bila kusogeza kitanda.

Fomu haisemi inataka kipi. Aliyeitengeneza sidhani aliwahi kufukuzwa na mbwa usiku.

Kijana_wa_Umoja

Swali dogo. Nimefungua ile juzuu ya 2009 na ya 2019. Kata ndogo yetu imepungua karibu nusu! Watu walienda wapi? Hakukuwa na njaa wala vita.

KaraniWa2019

Angalia mistari ya jirani kabla ya kulia. Je, kuna kata ndogo yenye jina usilolikumbuka ukiwa mdogo?

Kijana_wa_Umoja

Ipo. Ina jina la shule yetu ya msingi.

KaraniWa2019

Basi hawakwenda popote. Mligawanywa. Kata ndogo hukatwa mara kwa mara, naibu wa chifu mpya anapatikana, na mstari wa zamani unabaki na jina lake lakini watu nusu. Ndiyo maana ukilinganisha miaka, tazama na safu ya ukubwa wa ardhi. Kilomita zikipungua pamoja na watu, ni mkasi, si msiba. Makueni nzima iliongezeka kutoka 884,527 hadi 987,653.

Mpangaji_wa_Kitengela

Nawaza upande wa pili. Nyinyi mna nyumbani kusiko na watu. Mimi nakaa kwenye watu kusiko nyumbani kwa mtu.

Hapa ninapokaa palikuwa malisho. Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009, miaka kumi baadaye 1,117,840, na hao hawakuzaliwa hapa. Tulikuja na hatimiliki za viwanja vya futi hamsini kwa mia. Jirani yangu wa kulia ni wa Kisii, wa kushoto wa Nyeri, mwenye ng'ombe wanaopita asubuhi ni Mmaasai ambaye baba yake aliuza eneo lote hili na sasa analizunguka kwa fito. Juzi tuliitwa baraza. Naibu wa chifu akauliza, "Wazee wa hapa ni akina nani?" Kimya. Mwishowe tukamchagua mzee wa mtaa kwa kuwa ana gari na hulala mapema. Ana miaka thelathini na nane.

Kaburi hata moja halipo mtaani kwetu. Kila anayekufa anasafirishwa.

Mama_wa_Donholm

Hiyo ya makaburi imenigusa.

Hesabu_Kali

Mnaongea kwa upole sana. Idadi ni pesa, tusijidanganye. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Ya tatu, iliyopita Seneti Septemba 2020 baada ya kuvutana vikao tele, iliishusha hadi 18. Mnakumbuka zile kelele za "mtu mmoja, shilingi moja". Halafu mipaka ya maeneo bunge nayo hutazama idadi. Ndiyo maana kabla ya sensa wanasiasa huwaambia watu wapande basi warudi nyumbani wakahesabiwe huko. Na ndiyo maana Agosti 2010 serikali ilifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, ikisema ongezeko lilipita kiasi cha uzazi wa binadamu.

Hata hapa mjini. Miaka mingi tuliambiwa mtaa wa mabanda wa Kibra una watu milioni moja, kila mgeni mwenye kamera alirudia hivyo. Sensa ya 2009 ikakuta 170,070. Kuna walioitwa wasaliti kwa kuitaja nambari hiyo. Sasa mwenyekiti wenu akiandika elfu kumi, yuko kwenye msafara mrefu.

KaraniWa2019

Sibishi. Ila kuna kitu wenye fomula hawakioni na ambacho kwa kisima kina maana. Hao waliolala si watu wa kawaida wa hesabu. Kwenye eneo langu nilikuta boma baada ya boma lenye nyanya na wajukuu, katikati hakuna mtu. Wa kuchota maji ni nyanya na mtoto wa darasa la nne. Wenye mabega wako Pipeline wakipandisha mitungi ghorofa ya sita. Halafu Desemba sisi tunashuka wote kwa wiki mbili, tunaoga mara mbili kwa siku kama watu wa mjini, na shimo walilochimba kwenye mchanga wa mto linakauka kabla ya mwaka mpya. Yule anayepima kisima anapaswa kujua nambari zote mbili, ya Agosti na ya Desemba. Kisanduku kina nafasi ya moja.

Mwalimu_Mstaafu

Andika mbili. Kisanduku hakina polisi.

KaraniWa2019

Naleta marejesho, wadau. Nimepiga simu nyumbani jana usiku, nikampata mzee wa kijiji, yule yule wa tochi. Sasa anatembelea fimbo lakini sauti ni ile ile. Nikamwambia nataka vijiji vyote vya kata ndogo, nipange kwenye karatasi. Akacheka, akaniambia, "Subiri nitoke nje, siwezi kuvitaja nikiwa ndani ya nyumba." Nikasikia mlango, kisha kiti kikiburutwa. Akaanza kutaja akielekea, nadhani, macheo, maana alianza na vile vya upande wa barabara ya lami. Kwa kila kijiji alitaja mti, au kanisa, au mtu aliyekufa zamani. Nikaandika saba. Nikamuuliza idadi ya maboma. Akaweza kwa vitano, viwili akasema nimpigie mwenzake.

Kwa idadi ya watu tumekubaliana hivi na mwekahazina: kwenye kisanduku tumeandika nambari ya juzuu la pili kama ilivyo, haikuongezwa hata mtu mmoja. Mwenyekiti amenuna. Kisha pembeni, kwa mwandiko mdogo, tumeandika kwamba mwezi wa kumi na mbili watu huongezeka, na idadi ya majina yaliyo kwenye daftari la michango, ukiondoa wenye mstari mmoja.

Buda_wa_Pipeline

Na wenye mistari miwili?

KaraniWa2019

Hao tumewahesabu. Wakishuka Desemba nao huoga.

Mwekahazina_wa_Chama

Nimesoma uzi wote, na hilo la risiti ya soda tutaongea Jumapili.

Fomu nimeipeleka leo asubuhi kwa mkono, nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Ila nikiwa bado kwenye foleni mzee wa kijiji akanipigia mimi, kwa kuwa Karani alikuwa amezima simu. Akasema vijiji si saba, ni vinane. Cha nane ni kile cha ng'ambo ya korongo, chenye maboma matatu, wote walihamia Nairobi mmoja baada ya mwingine na sasa amebaki mama mmoja tu. Nikamuuliza, mzee, mtu mmoja ni kijiji? Akanijibu kwamba jina lipo na mama yupo, na yeye ndiye hutembea mbali kuliko wote kwenda kuteka maji.

Nimeazima kalamu kwa mlinzi nikakiongeza chini ya orodha. Mwandiko umepinda kidogo kwa sababu niliandikia kwenye goti.